Shule za misheni kusini: zirudishwe au zibaki serikalini?

Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka huku kwetu Lindi na Mtwara hoja ileile inarudi, wengine wanasema shule za misheni zilizotaifishwa wapewe wenyewe mapadri maana serikali imeshindwa kuzitunza, wengine wanajibu hapana, zile shule zilibagua na zikirudi zitabagua tena. Mi naona wote wanashika ukweli nusu nusu.

Tuanzie kwa Wabenediktini wenyewe, watawa wa Kikatoliki walioanzisha shule hizo huku. Hawa walitoka Sankt Ottilien kule Ujerumani, wakafika Lukuledi 1895, Nyangao mwaka uliofuata, alafu vita vya Majimaji 1905 vikateketeza misheni na Askofu Cassian Spiss akauawa huko upande wa Liwale. Mtu mwingine angefunga mizigo. Wao mwaka 1906 wakaanzisha misheni ya Ndanda, pale chini ya uwanda wa Makonde, na mpaka leo wapo.

Hapo kwenye kukaa ndo naona siri kubwa ya shule zao, kubwa kuliko pesa za Ulaya ambazo watu wanazitaja sana. Mmonaki wa Kibenediktini anaweka nadhiri ya kudumu kwenye abasia yake, yaani nyumba yake ya utawa, yani akishaingia Ndanda ni wa Ndanda mpaka azikwe Ndanda. Sasa linganisha na mwalimu wetu wa serikali anayepangiwa kijijini na kuanza kuomba uhamisho kabla hajajua majina ya wanafunzi, na simlaumu, nyumba hamna na mshahara ni ule. Alafu pembeni ya darasa kulikuwa na karakana ya useremala, mashine za uchapaji na hospitali, kijana aliyeshindwa vitabu alikuwa na pa kwenda. Rais Mkapa, mtoto wa Lupaso hapo Masasi, alipita Ndanda kabla ya kufika Pugu na Makerere.

Lakini upande wa pili una maumivu ya kweli na yasipuuzwe. Lindi na Mtwara, hasa ukanda wa pwani, ni nchi ya Waislamu, na shule nyingi za misheni zilianza kama madarasa ya katekesi, lengo la kwanza lilikuwa ubatizo, kusoma kukafuata. Mzazi Mwislamu alilazimika kuchagua kati ya elimu ya mwanae na dini ya mwanae, wengi wakashika dini, na uhuru ulipokuja 1961 pengo lilikuwa wazi. Kwa hiyo Nyerere, Mkatoliki mwenyewe na aliyewahi kufundisha shule za kanisa za Tabora na Pugu, alipozitaifisha kwa Sheria ya Elimu ya 1969 alitenda haki, na hapo sitetereki. Sekondari ya Ndanda ikawa ya watoto wa nchi nzima.

Tatizo ni kwamba milango ikafunguliwa huku matunzo yakipungua. Na tangu miaka ya 90 shule binafsi ziliporuhusiwa kushamiri, kanisa likajenga nyingine, na juu ya hizo kuna Stella Maris hapo Mtwara mjini, chuo cha maaskofu chini ya SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Mtoto wa dini yoyote anaingia, ila mlinzi wa geti sasa ni ada. Mkulima wa korosho anasubiri mnada, AMCOS, chama cha ushirika cha mazao, inachelewesha malipo, shule imeshafunguliwa na mtoto yuko nyumbani anaangalia sanduku lake. Ubaguzi umebadilika sura tu, na wanaodai shule zirudishwe wanijibu hili kwanza.

Mi nasema majengo yabaki serikalini, ila serikali ilipe nafasi za kutwa kwenye shule za mashirika ya dini kwa watoto wa vijiji vya jirani, na vipindi vya dini viwe vya hiari. Makubaliano ya 1992 kati ya serikali na makanisa kuhusu elimu na afya yalilalamikiwa sana na Waislamu, kwa hiyo safari hii masheikh wa Lindi na Mtwara waitwe mezani kabla mkataba haujaandikwa.