Haki zote unazo, kazi kuzidai

Jamani Wabongo wenzangu mlioko huku Ujerumani, hivi nyie mnaishije? Maana huku mtu hadhulumiwi hivi hivi, anadhulumiwa akiwa na haki zake zote mkononi, na kila haki ina barua yake, na kila barua ina tarehe ya mwisho, na hiyo tarehe wameiandika kwa herufi ambazo babu yangu angesema ni sisimizi wamekufa.

Chukua nyumba. Umehangaika weee umepata, unafungua mlango wa jikoni, jiko hakuna. Sio kwamba ni bovu, HAKUNA, ukuta na bomba basi. Mpangaji aliyepita kahama nalo, makabati kabeba, sinki kang'oa, na huwezi kumlaumu maana alinunua kwa hela yake. Taa nazo kaondoka nazo, darini zinaning'inia nyaya tu. Na hapo mwenye nyumba anasubiri dhamana, sheria inamruhusu kudai mpaka kodi ya miezi 3, ile kodi tupu bila maji na joto. Wa kwangu aliitaka yote siku hiyo hiyo anakabidhi funguo. Sheria hiyo hiyo inamruhusu mpangaji alipe kwa awamu 3, ila hicho kipande mzee wa watu hakukigusa, ungedhani kwenye kitabu chake ukurasa umechanika.

Haya, umehamia, unatakiwa ndani ya wiki 2 ukajiandikishe manispaa kwamba sasa unaishi hapo. Unaenda kama raia mwema. Unarudi, unakaa kidogo, barua hiyoo, ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kila mwezi. Mimi tivii sina. Haijalishi. Redio sina. Haijalishi. Tangu 2013 inatozwa kwa nyumba, uwe unaangalia, huangalii, unalala saa 2 usiku, ni wewe na kuta zako mnalipa. Na ukijifanya barua hujaiona wanahesabu kuanzia siku uliyohamia, wanakuja na deni limeshakua lina ndevu.

Lakini kinachonimaliza mimi ni mambo ya kununua. Kitu ukikinunua mtandaoni una siku 14 tangu kikufikie za kughairi, bila kutoa sababu, hata ukisema leo mwezi umekaa vibaya ni sawa, pesa yako inarudi na ile nauli ya kawaida ya kukuletea mzigo inarudi. Kurudisha sasa ndo unaweza kubebeshwa gharama kama walikwambia mapema. Hii habari mama watoto kaijua, na tangu siku hiyo kwangu ni bandari. Viatu vinakuja saizi 3, moja inabaki, mbili zinarudi. Mapazia yanakuja, yanatundikwa, yanaangaliwa kwa jicho la jioni, yanarudi. Tusipokuwepo mizigo inaachwa kwa jirani wa chini, mama mmoja mtu mzima ambaye kwenye ngazi hanisalimii kwa jambo lingine lolote, ila mzigo ananikabidhi kwa heshima zote kama ananipa cheti. Na zamu ya kupeleka maboksi posta ni ya nani? Haki ya mama watoto, mgongo wangu.

Mimi nikasema hiyo haki na mimi niionje, nikarudisha suruali dukani. Muuzaji ananiuliza ina kasoro gani? Haina, nimeghairi tu. Akanitazama kwa huruma. Kumbe siku 14 ni za mtandaoni, maana kule hujakishika kitu. Dukani umekiona, umekipapasa, umejigeuza mbele ya kioo, hakina ubovu, sasa unarudisha nini? Akikubali ni hisani yake. Sawa, nimeelewa mantiki yake, ila suruali bado inanibana.

Ya blenda ndo ilinichefua kabisa. Haijamaliza mwaka, ikakata roho katikati ya juisi. Nikaipeleka, kijana wa dukani hajaishika hata waya, ananiambia andikia kiwanda. Kiwanda gani bana! Kwa sheria za huku anayebeba msalaba wa kitu kibovu ni aliyekuuzia, miaka 2, waranti ya kiwanda ni kitu kingine cha nyongeza wanachokupa wakipenda. Na tangu 2022, ubovu ukitokea ndani ya mwaka wa kwanza inachukuliwa ulikuwepo tangu mwanzo, yeye ndo athibitishe kwamba wewe umeharibu. Na kuchagua atengeneze au akupe nyingine ni kwako wewe mteja, ilimradi chaguo lako lisimtie muuzaji gharama za kukomoa tu basi. Akabadilisha gia, akataka risiti. Risiti naitoa kwenye pochi, nyeupe peee, wino umeyeyuka. Sasa hapa nisikilizeni vizuri: nchi hii tangu 2020 ukinunua kimkate kimoja mashine inakutolea risiti kwa lazima ya sheria, nyumbani nina risiti za mikate za kuezekea banda, zinasomeka vizuri tu, ya blenda ndo imegeuka karatasi ya kufungia karanga. Nikamfungulia taarifa ya benki kwenye simu, jina la duka lile pale na hela ile pale, huo nao ni ushahidi. Kaita bosi wake, wamenong'ona, blenda nyingine ikatoka. Wangekomaa ningeenda Verbraucherzentrale, wale washauri wa wateja, kila jimbo kati ya yale 16 lina ya kwake, unalipa kidogo wanakusomea mkataba wako wanakwambia umebanwa wapi.

Sasa hivi vita iko kwa watu wa gym. Zamani ukinyamaza mkataba ulikuwa unajirefusha wenyewe mwaka mzima, unakuta unalipia kutokwa jasho ambalo hukutoa. Mikataba ya kuanzia Machi 2022 muda wa kwanza ukiisha unaondoka kwa notisi ya mwezi mmoja, na kama mkataba unaweza kuingiwa mtandaoni basi kwenye tovuti yao lazima kuwe na kitufe cha kuvunja. Nimekitafuta, kimejibanza chini kabisa huko, nimekibonyeza, uthibitisho umeingia kwenye imeli nimeuhifadhi. Leo wananiletea ujumbe mtamuu, tumesikitika, tafadhali tupigie simu kukamilisha zoezi lako. Kukamilisha nini tena? Si nishabonyeza? Wanataka nipige nikutane na dada mwenye sauti ya asali anipe mwezi wa bure na miaka 2 mingine kwa nyuma. Sipigi ng'o.