Sura ni Yake, Ila Hayupo

Tulimpelekea mchoraji picha ya kitambulisho ya marehemu bibi yangu, atuchoree kwa rangi ya mafuta. Kazi ilipokuja, mikunjo ya paji la uso ilikuwepo yote, hata kovu dogo la shavuni. Mama akaitazama kwa muda mrefu, kisha akasema: "Sura ni yake, ila hayupo."

Siku hizi mchoraji akisifiwa huambiwa, "Utadhani imepigwa kwa simu." Kwangu mimi sifa hiyo ni ndogo mno. Kufanana ni ufundi wa kupima: pua hapa, jicho pale. Moyo wa mtu haupimwi hivyo.

Tazama picha ambayo Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, alijichora mwaka 1669 akiwa na miaka 63, iliyoko kwenye jumba la sanaa la National Gallery, London. Nimeikuza kwenye skrini mara nyingi sana. Hakuna chozi, wala mdomo haukupinda kwa kilio. Kwenye uso rangi imerundikwa nzito, na mwanga umetua hapo. Nguo imeachwa izame kwenye kahawia na giza. Pembe za macho na za mdomo hazikukatwa kwa mstari mkali. Leonardo da Vinci naye alizififisha pembe hizo kwenye Mona Lisa, picha yake maarufu ya mwanamke, na ndiyo maana watu hawaafikiani kama yule mama anatabasamu. Hapo ndipo hisia hukaa. Ukizichonga kwa wembe, umeshamwamulia mtazamaji.

Kufikia mwaka huo Rembrandt alikuwa ameshindwa kulipa madeni na mali yake kuuzwa. Hendrickje, mwenzi wake, alifariki 1663. Titus, mwanawe, alizikwa 1668. Yeye mwenyewe alifariki Oktoba 1669. Lakini hata asiyeyajua haya, akisimama mbele ya uso ule, atashusha sauti.

Kinachonigusa kuliko vyote ni mikono. Picha za eksirei zimeonyesha kwamba mwanzoni alijichora ameshika brashi. Baadaye akaifuta, akaikutanisha mikono yake, ikatulia mbele ya mwili. Mtu aliyeishi kwa brashi tangu ujanani ameiondoa mwenyewe mkononi! Mimi naona uchovu pale, na naona utulivu pia, na sijaweza kuvitenganisha.

Tangu nilipolijua hilo nimeelewa kilichokosekana kwenye picha yetu. Picha ya kitambulisho haina mikono. Bibi alikuwa msusi wa mikeka. Akiwa na jambo zito moyoni hakunung'unika, vidole viliendelea kusuka ukili huku macho yakiwa mlangoni. Sisi wajukuu tulijua siku hizo, tukacheza mbali.

Nitarudi kwa mchoraji yuleyule. Safari hii sina picha ya kumpa. Nitakaa naye nimsimulie vile vidole, na ule mlango.