Daraja Lililopiga Saluti

"Fundi, hili gitaa limekataa Drop B," mteja akaniambia. Yaani tyuni nzito, nyuzi zikiwa zimeshushwa chini ya kawaida.

Nililitazama kwa ubavuni. Lilikuwa na daraja linaloelea, lile linaloshikiliwa na springi kwa nyuma, na daraja lenyewe lilikuwa limeinua makalio limepiga saluti. Kwenye freti ya 12, yaani kipande cha chuma cha 12 kwenye shingo, kidole kingepita chini ya nyuzi bila kuguswa.

Habari ikatoka kidogo kidogo. Jamaa alianza kwa kushusha nyuzi zake za 10–46, yaani unene kwa elfu za inchi, kutoka uzi wa kwanza mwembamba hadi wa sita mnene. Zikalegea, springi zikashinda, daraja likazama na nyuzi zikalala juu ya freti. Badala ya kulegeza skrubu mbili zinazoshika bamba la springi, yeye akang'oa springi moja kati ya tatu. Kisha mjuaji mmoja akamwambia afunge 12–60. Akafunga.

Hapo ndipo penye utamu. Nyuzi za 12–60 kwenye Drop B, yaani B F# B E G# C#, huvuta karibu sawa na 10–46 kwenye tyuni ya kawaida. Springi tatu zingemtosha kabisa.

"Ile ya tatu iko wapi?"

"Mfukoni." Akajipapasa. "Mfukoni mwa suruali nyingine."

Nilipogeuka kutafuta springi kwenye kopo langu, jamaa akaona asikae bure, akaanza kutyuni. Uzi wa sita ukifika B, wa kwanza unashuka. Akipandisha wa kwanza, wa sita unashuka, na daraja linazidi kuinuka. Jasho likamtoka. Mara, ting! Uzi wa sita ukaruka nje ya mfereji wake kwenye nati, kile kipande cha juu ya shingo kinachopitisha nyuzi. Yeye naye akaruka, tyuna ikaenda upande wake, bisibisi upande wake.

Kosa halikuwa la mkono wake. Mfereji ulichongwa kwa uzi wa 46, milimita 1.17. Uzi wa 60 una milimita 1.52, kwa hiyo ulikuwa umekalia kingo tu. Nikaupanua kwa tupa ya duara, sakafu ya mfereji ikiinamia kidogo upande wa vifunguo vya kukazia nyuzi, nikapaka risasi ya penseli. Hapa haraka haina baraka: ukichimba mno, uzi mtupu unagonga freti ya kwanza na nati imekwisha.

Springi ya tatu ikarudi. Nikakunja kadibodi na kuibana ndani ya tundu la springi, kati ya kile chuma cha daraja kinachoshuka mwilini na ukuta wa upande wa mkia wa gitaa, ili daraja lisimame sambamba na mwili, nikatyuni nyuzi zote, nikakaza skrubu za bamba nusu mzunguko kila upande mpaka kadibodi ikadondoka yenyewe, nikatyuni tena. Shingo ilikuwa sawa: nafasi ya milimita 0.25 kati ya uzi na freti ya 7, uzi wa sita ukiwa umebanwa freti ya kwanza na ya mwisho. Kilichobaki ni uzi wa sita kusoma juu ya noti yake kwenye freti ya 12. Nikalegeza uzi, nikarudisha nyuma kikalio chake, kile kipande cha daraja kinachobeba uzi, nikapima, nikarudia.

Jamaa akapiga kodi moja nzito, akafumba macho, akatikisa kichwa.

"Fundi, tukishusha hadi A?"

"Daraja litazama tena."

Mkono wake ukaanza kwenda nyuma ya gitaa, kwenye springi. Nikaificha bisibisi.