Shilingi 455 kwa siku: hesabu ya Kazi Mtaani

Serikali ya Kenya inapotangaza mpango wa kuwalipa vijana wasio na ajira ili wasafishe mitaa yao, jibu la wakosoaji huwa ni lile lile: kufyeka nyasi si kazi. Lilitolewa dhidi ya Kazi Mtaani mwaka 2020, na limerudi dhidi ya Climate WorX, mpango unaowahusisha vijana katika kusafisha mito ya Nairobi. Wanaolitoa si watu wa kupuuzwa. Wanauliza kijana mwenye diploma atatoka na ujuzi gani baada ya nusu mwaka wa kushika fyekeo na reki. Wanakumbusha jinsi jina la NYS (Huduma ya Vijana kwa Taifa), iliyowahi kuwaajiri vijana wa Kibera kuboresha mtaa wao, lilivyochafuliwa na kashfa ya shilingi milioni 791. Tena wanasema, na hapa wana haki kabisa, kwamba Jedwali la Nne la Katiba limezikabidhi kaunti uzoaji wa taka na mitaro ya maji ya mvua, kwa hiyo serikali kuu ikigharamia kazi hizo inawapunguzia magavana wajibu wao.

Hata hivyo, hoja ya ujuzi, ambayo ndiyo hurudiwa zaidi, inaidai Kazi Mtaani kitu ambacho haikuundiwa. Ilianza mwishoni mwa Aprili 2020, Nairobi ikiwa imefungwa, kafyu ikiwa imeanza, na vibarua wa kutwa, waliozoea kutoka alfajiri kutafuta riziki ya siku hiyo hiyo, wakiwa hawana pa kwenda. Swali la nyumba nyingi za Mathare na Mukuru wakati huo lilikuwa unga na kodi ya chumba.

Ndiyo maana naona tuanze na fedha zenyewe. Awamu ya pili, iliyoanza Julai mwaka huo, ilienea katika kaunti zote 47, ikalenga vijana zaidi ya 270,000 na kutengewa shilingi bilioni 10. Kijana alilipwa shilingi 455 kwa siku na, kwa kuwa walifanya kazi kwa zamu, alipata siku 11 kwa mwezi, yaani shilingi 5,005. Kwa miezi sita hiyo ni shilingi 30,030. Sasa gawanya bilioni 10 kwa vijana 270,000: fungu la kila mmoja ni kama shilingi 37,000. Kwa hesabu hiyo, katika kila shilingi 10 zilizotengwa, karibu 8 zilikuwa ujira. Sheria ya India ya mwaka 2005 kuhusu kazi za vijijini, iliyotajwa kote kama mfano, ilitaka angalau asilimia 60 ya gharama iwe ujira. Katika ujenzi wa barabara, sehemu kubwa ya fedha humezwa na lami, dizeli na kukodi greda kabla kibarua hajafikiwa. Na shilingi 5,005 za kijana wa Korogocho hazisafiri mbali: hulipa deni la duka la jirani, humfikia mama mboga, na mama mboga naye ana karo ya kulipa.

Yapo makosa ambayo hesabu hii haiyafuti. Malipo yalichelewa, na kumchelewesha mtu anayeishi kwa kutwa ni kumrudisha kwenye deni. Palikuwa pia na malalamiko ya upendeleo katika kuteua majina. Lakini kosa ninaloliona zito kuliko yote ni kwamba kuzibua mitaro kulihesabiwa kuwa msaada wa dharura, kukakoma fedha za dharura zilipokwisha, ilhali taka haziishi. Mvua za Aprili 2024 ziliwakuta watu wa Mathare kando ya mto, na nyumba zikasombwa.

Mvua za masika na za vuli zina majira yanayojulikana. Kaunti zinaweza kuzitengea wadi fedha za ujira kwa Februari na Septemba, orodha ya majina isomwe hadharani barazani, na malipo yatumwe kwa simu kila wiki. Hoja ya Jedwali la Nne nayo ingepata jibu, maana fedha zingekuwa mikononi mwa wale ambao Katiba imewakabidhi mitaro.