Kwa nini amplifaya yenye vipande vya dola 150 huuzwa dola 1,000

Fungua kasha la amplifaya ya hedifoni ya dola 1,000 na utakuta transfoma ya mviringo, kapasita kadhaa, transista zilizobanwa kwenye vipoza joto, potenshiometa ya Alps (kitasa cha kuongeza na kupunguza sauti) na bodi moja ya saketi. Anayezijua bei za vipande atajumlisha kichwani na kupata kama dola 150. Hapo ndipo lawama huanza: dola 850 zilizobaki ni wizi mtupu, unanunua jina. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake, lakini wengi wanaoitoa wanahesabu kilichomo kwenye kasha na kusahau idadi ya makasha.

Hoja yao ya kiufundi ni nzito na ipewe haki yake. Kukuza sauti ya hedifoni bila kuiharibu ni kazi ambayo wahandisi wameshaimaliza. Hedifoni ya Sennheiser HD 650 ina ukinzani wa ohmu 300, na volti 1 huifikisha desibeli 103. Ukitaka vilele vya muziki vifike desibeli 115, kiwango ambacho hakuna sikio linalopaswa kukivumilia kwa muda mrefu, unahitaji volti 4, yaani miliwati 53 tu. Chipu mbili za bei ya soda zinatosha. Schiit Audio ya California ilitoa amplifaya ya Magni kwa dola 99 mwaka 2012, JDS Labs ikatoa Atom kwa bei hiyohiyo mwaka 2018, na kelele na upotoshaji wa vifaa vya aina hii viko chini ya kile ambacho sikio linaweza kukitambua. Wanaohitaji nguvu nyingi kweli ni kama wenye hedifoni ya HiFiMAN HE-6, inayotoa desibeli 83.5 kwa miliwati 1. Hiyo itataka karibu wati 1.4 na volti zaidi ya 8 kufika pale pale. Watu hao ni wachache, na uchache wao ndio unaotengeneza bei.

Tufanye hesabu kwa namba za mfano. Vipande ni dola 150. Kuunganisha, kupima na kukiacha kifaa kikiwaka kwa saa kadhaa kabla ya kukifunga ni saa mbili za fundi kwa dola 30, jumla 60. Boksi na sifongo ni 15. Weka 15 nyingine za waranti, kwa sababu vingine vitarudi. Tumefika 240, na hapo bado hatujamlipa aliyebuni.

Mhandisi mmoja kwa mwaka ni dola 60,000. Bodi za majaribio hutengenezwa mara tatu, maana ya kwanza huwa na kosa na ya pili huonyesha kosa lililofichwa na la kwanza: 4,500. Maabara ya kupima usalama wa umeme na mawimbi yanayovuja, ili kuthibitisha kwamba kifaa kinatimiza masharti ya kuuzwa Ulaya, tuseme 10,000. Maandalizi ya mashine za kuchonga kasha ni 2,500. Jumla 77,000, na fedha hizo zimeshatumika kabla kifaa cha kwanza hakijauzwa.

Ukiuza vifaa 3,000, kila kimoja kinabeba dola 26 za mzigo huo. Ukiuza 300, kila kimoja kinabeba 257. Kifaa ni kilekile, transfoma ni ileile, sauti ni ileile, lakini kimoja kimemgharimu mtengenezaji dola 266 na kingine 497. Kwa huyu wa vifaa 300, ongeza 103 za pango, mishahara ya ofisini, kodi na faida, upate 600. Kisha duka linataka sehemu yake, na kwa bidhaa za sauti asilimia 40 ya bei ya rafuni ni jambo la kawaida. Ili dola 600 zimfikie mtengenezaji, kibandiko dukani lazima kisome 1,000.

Tofauti ya dola 231 iliyozaliwa na uchache peke yake inakuwa dola 385 ikifika rafuni, kwa kuwa duka hukata asilimia ya kila kitu, pamoja na asilimia ya mshahara wa mhandisi na ya ripoti ya maabara. Mnunuzi akisema amelipia jina, mara nyingi amelipia majirani ambao hawakununua.

Mfano unaoletwa kila mara kuipinga hesabu hii ni amplifaya ya Objective2, maarufu kama O2. Mwaka 2011 mhandisi aliyejificha nyuma ya jina la NwAvGuy alichapisha michoro na vipimo vyake vyote bure, na akaruhusu yeyote kuitengeneza na kuiuza mradi asiibadilishe. Vipande vyake vilikuwa vya dola 30 hadi 40 hivi. Ilishindana kwa vipimo na vifaa vya bei mara kadhaa zaidi, na tangu hapo imekuwa ushahidi mkuu wa mashtaka. Lakini angalia ilivyouzwa ikiwa imeshaunganishwa: takriban dola 150. Mhandisi hakulipwa hata senti. Umeme uliingia kupitia adapta ya ukutani, kwa hiyo volti za ukutani hazikuingia kabisa ndani ya kasha. Kasha lenyewe lilikuwa la kununuliwa tayari, na hapakuwa na duka la kati. Pamoja na hayo yote bei ilifika karibu mara nne ya vipande. Aliyeitoa O2 aliufuta ule mstari wa dola 60,000 kwa kujitolea, jambo jema sana, ila huwezi kumdai kila mhandisi ajitolee.

Kuna pia gharama ambazo mchoro hauzionyeshi. Potenshiometa ya kawaida ina njia mbili za kaboni zisizolingana kikamilifu, na sauti ikiwa chini kabisa sikio moja linaweza kusikia desibeli 2 au 3 zaidi. Mwenye spika ndogo za ndani ya sikio, ambaye anaishi kwenye robo ya kwanza ya mzunguko wa kitasa, atakirudisha kifaa akisema ni kibovu. Dawa ni kupunguza ukuzaji, au kuweka relei (swichi zinazoendeshwa na umeme) na rezista zinazopanda kwa hatua, na hapo gharama ya kudhibiti sauti peke yake inaruka kutoka dola kumi na kitu hadi makumi kadhaa. Hali kadhalika relei ya kinga kwenye tundu la hedifoni: isipokuwepo, transista moja ikiungua inaweza kusukuma umeme wa mkondo mnyoofu (DC) kwenye koili na kuua hedifoni ya bei kubwa kuliko amplifaya. Kifaa cha kilo 4 kikirudi kiwandani na kutumwa tena, usafiri wa kwenda na kurudi unaweza kula faida yake yote.

Mtengenezaji anapoharibu kesi yake mwenyewe ni pale anapoitetea bei kwa sauti. Hesabu niliyotoa haisemi popote kwamba dola 1,000 zinasikika bora kuliko 99. Akiongeza paneli ya alumini ya milimita 10 na kuziita milimita hizo uwazi wa muziki, anadanganya. Wengine huficha ukinzani wa tundu la kutolea sauti. HD 650 hupanda hadi karibu ohmu 500 kwenye besi, kwa hiyo amplifaya yenye ukinzani wa ohmu 100 itaiinua besi hiyo kwa karibu desibeli 1. Msikilizaji anauita joto, anaupenda, na ana haki ya kuupenda. Lakini rezista ya senti chache ingempa joto hilohilo juu ya Magni yake.

Kwa anayeagiza akiwa Nairobi au Dar es Salaam, uchache huo unamfuata hadi nyumbani. Kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania, inatozwa juu ya bei ambayo imeshabeba mshahara wa mhandisi na sehemu ya duka. Transfoma ya ndani iliyosukwa kwa volti 115 za Marekani inaweza kuungua kwenye 230 au 240 zetu, na si kila kiwanda huweka swichi ya kuchagulia. Muulize muuzaji kwa maandishi kabla ya kulipa: volti ngapi, ukinzani wa tundu ni ohmu ngapi, na kikiharibika nani analipa usafiri wa kukirudisha. Kiwanda kinachojibu maswali hayo matatu kwa namba kinauza kazi ya mhandisi wake. Kinachojibu kwa maneno ya utamu wa sauti, afadhali ukiache ununue ya dola 99.