Vunjajungu Hana Hatia

Kwa muda wa juma zima nimekuwa nikimtazama vunjajungu mmoja wa kijani aliyefanya makazi kwenye mpilipili ulioko nyuma ya jiko letu, na kadiri ninavyomtazama ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba mdudu huyu tunamwonea. Jina lenyewe linamshitaki. Utotoni tuliambiwa kuwa anayemgusa atavunja chombo cha kwanza atakachokishika, na kwa hofu hiyo wengi walimuua kwa fagio kabla hajafika mlangoni.

Jana asubuhi nzi alitua kwenye jani lililo mbele yake. Vunjajungu hakumrukia. Aligeuza kichwa polepole, akayumbayumba mwili kama ujani unaopepewa na upepo, kisha akatulia kabisa, ile mikono iliyokunjwa kifuani ikiwa tayari. Nilipopepesa jicho, nzi alikuwa tayari amebanwa kati ya safu mbili za miiba ya mikono hiyo, kwa maana shambulio lote huchukua takribani sehemu moja ya kumi ya sekunde. Alimla akiwa hai, akianzia kichwani, na alipomaliza alijisafisha mwiba mmoja mmoja kwa mdomo, kwa utulivu mkubwa.

Siri ya ustadi huo imo katika kupima umbali. Mwaka 1983 mtafiti Samuel Rossel alionyesha kuwa vunjajungu hulinganisha picha za macho yake mawili ili kujua windo liko mbali kiasi gani. Baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, waliwabandika vunjajungu miwani midogo sana kwa nta ya nyuki, wakawaonyesha kwenye skrini picha ya mdudu. Picha ilipoonekana kuwa imesogea karibu, walirusha mikono kukamata kitu ambacho hakikuwepo. Ilibainika pia kwamba macho yao hujali zaidi kile kinachobadilika au kusogea, ndiyo maana wadudu wengi husalimika kwa kutulia tu. Kwangu mimi, kiumbe mwenye ubongo mdogo kiasi hicho kufanya hesabu ya namna hiyo ni jambo la kustahili heshima.

Naye huwindwa pia, hasa na popo. Mwaka 1986 watafiti David Yager na Ronald Hoy walieleza kwamba vunjajungu ana sikio moja tu, lililo katikati ya kifua upande wa chini, linalosikia milio ya popo ambayo sisi hatuisikii. Anayeruka usiku akiisikia, hugeuka ghafla na kushuka chini kwa kasi.

Kuhusu jike kumla dume, jambo hilo ni kweli, lakini halitokei kila mara wanapopandana, na hutokea zaidi jike akiwa na njaa. Wanaolitumia kuwasimanga wanawake wanawadhulumu wanawake na mdudu kwa pamoja.

Simpigii debe kama dawa ya wadudu waharibifu shambani, kwa sababu yeye habagui: nyuki anayechavusha maua ya maboga humla sawasawa na panzi anayetafuna mchicha. Ninachoomba ni aachwe. Na anayepogoa miti achunguze matawi kwanza, kwa kuwa jike hutaga mayai ndani ya povu linalokauka na kuwa kifuko kigumu cha rangi ya udongo, ambacho wengi hukibandua wakidhani ni uchafu. Nyigu wadogo hukivamia na kutaga humo mayai yao, kwa hiyo hasara iliyopo tayari inatosha. Wanaosalimika hutoka wakiwa na umbo la wazazi wao, bila mabawa, mikono imekunjwa tayari, na punde huanza kuwinda vidukari, mbu na hata ndugu zao.

Kifuko kimoja kiko kwenye tawi la chini la mpilipili wetu, na tawi hilo sijalikata.