Kontroli boksi mpya hailijui gari lako

Siku mbili baada ya kubadilishiwa kontroli boksi, yaani kompyuta inayoiongoza injini, gari langu lilinizimikia juu ya Daraja la Nyali, jioni, katikati ya foleni. Nikaliwasha. Nilipoachia mafuta likatetemeka, mshale wa mizunguko ya injini ukaporomoka, likazima tena. Mara tatu, na matatu nyuma yangu imelalia honi.

Boksi ya zamani ilikufa kwa kutu. Pini zake zilikuwa zimeota ukijani, na sisi wa pwani twajua hewa ya chumvi inavyotafuna. Fundi alifunga nyingine, akaioanisha na ufunguo, maana bila hivyo imobilaiza, ile kinga ya wizi, isingeruhusu injini iwake, kisha akaniambia, "Mama, gari liko sawa, chukua." Nikalipa. Hapa ndipo ninapogombana na mafundi wetu: gari kuwaka si kazi kwisha.

Ile boksi ya kwanza ilikuwa imezoeana na injini kwa miaka. Ilijua throto, mlango wa hewa ya injini, imeshika masizi kiasi gani na iachwe wazi kiasi gani ili injini isizime ukiondoa mguu. Hii mpya haina habari hiyo. Na kama imetolewa gari jingine, inakuja na mazoea ya hukohuko.

Fundi wa pili, kijana wa Changamwe, ndiye aliyenionyesha kazi yenyewe. Gari langu ni Nissan, na Nissan ina masharti: injini ipate joto, nyuzi 70 au zaidi, betri isome zaidi ya volti 12.9 injini ikiwaka, gia iwe P, usukani unyooke, taa na AC zizimwe. Boksi hufundishwa kwanza pedali iliyoachiwa, halafu throto iliyofungwa, mwisho kiasi cha hewa injini inaponguruma bila kukanyagwa. AC imezimwa, mwezi wa Machi, Mombasa! Jasho lilinitiririka hadi kiunoni, naye macho kwenye mashine. Mshale ukapanda, ukashuka, ukapanda kidogo, kisha ukatua karibu na mizunguko 700 kwa dakika na kubaki palepale.

Kila gari lina yake. Kwenye Toyota nyingi, kuoanisha boksi na imobilaiza kwaweza kufanywa kwa kuunganisha kwa waya tundu la 4 na la 13 kwenye soketi ya kupimia, swichi ikiwa imewashwa, kisha kungoja dakika 30. Mteja humwona fundi amekaa tu, akaanza kulalamikia bei. Jamani, kungoja huko ndiko kazi, mlipeni. Injini nyingi za kisasa za dizeli nazo, kila nozeli ya kupulizia dizeli ina namba yake ya kuingizwa kwenye boksi mpya.

Siku hizi sitoi pesa kabla ya kuuliza throto imefundishwa au la. Kisha naingia mwenyewe, nawasha AC na taa, naachia pedali, nautazama mshale.